Taa Mbili na Redio

Kwako Kemilembe,

Karatasi hii itakufikia ikiwa inanukia kahawa, maana nimeikunja ndani ya kile kifurushi cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, alichokufungia mama yako kwa jani kavu la mgomba. Nimefanya hivyo makusudi, na shangazi yako nimemwambia akuombe ya kutafuna leo usiku, ili uisome kabla ya safari. Ningekupa mkononi ungeisoma hapa hapa mbele yangu, na mimi ningeanza kutafuta mbuzi waliopotea wakati wote wako bandani. Sasa hivi uko kwa majirani unaaga. Mvua imekukuta huko, nasikia mnavyocheka. Jioni boda itakupeleka Bukoba, ulale Kibeta kwa shangazi yako, na kesho alfajiri upande basi la Dodoma.

Mambo ya njiani amekwisha kuyasema mama yako, tena mara tatu tatu. Blanketi, ndizi za kuchoma, kutosinzia ukiwa umeshika simu, kuwapigia wajomba ukifika. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nina hofu, Kemi. Nakuambia mapema ili usihangaike kuitafuta.

Juzi ulipotueleza kazi unayokwenda kuifanya, ulieleza vizuri hata mama yako ambaye humwita transfoma "yule wa kwenye nguzo" akaelewa. Ulisema serikali inataka umeme usiokatika ovyo, na inataka sehemu kubwa zaidi itoke kwenye maji, jua na upepo kuliko kwenye mafuta. Ulisema mkoa wetu, ambao miaka yote tumewashiwa taa na umeme wa ng'ambo ya mpaka, unaunganishwa na gridi ya taifa, na visiwa vyetu vinapangiwa mitambo ya jua. Na kabla ya nguzo kuchimbiwa, ulisema, lazima mtu ajue watu watatumia umeme kiasi gani. Ofisi yako ndiyo inayokusanya majibu na kukadiria. Wakikadiria pungufu, umeme unakufa. Wakizidisha, nchi inalipia mitambo inayokaa bure.

Mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje, nikasema nakwenda kuangalia mbuzi.

Sikwenda kuangalia mbuzi. Nilikwenda kusimama nyuma ya banda la mashine yangu ya kusaga. Watu watakujibu nini ukiwauliza wana vifaa gani? Mimi najua watakachokujibu, kwa kuwa nilishakijibu.

Ulikuwa darasa la nne. Nguzo zilikuwa bado hazijapanda kilimani kwetu. Akaja kijana mmoja wa serikali, mpole, viatu vimejaa tope, kishikwambi chake amekiviringisha kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Siku tatu kabla yake ulikuwa umepita uvumi kwamba wanakuja watu wa kodi kuandika mali. Nani aliuleta sijui, lakini kwa uvumi wa kodi huwa hatusubiri ushahidi. Asubuhi ile mimi na baba mdogo wako tulikuwa tumeupigia misumari mlango wa mbele wa banda, na mashine ya kusaga tumeifunika kwa majani ya migomba, tukaifunika vizuri kabisa, ukichungulia unaona rundo la majani tu.

Lakini nikuambie ukweli, sikuwa nimeamua kudanganya. Nilikuwa nimeifunika kwa tahadhari, kama mtu anavyoanua kahawa akiona wingu. Kilichoamua ni kahawa yenyewe.

Bibi yako alitoka na kikapu chake kidogo, kile cha kusuka ambacho sasa anakitunza mama yako, akamnyooshea mgeni akamwani kwa mikono miwili. Yule kijana hakuwa wa huku. Alidhani anapewa buni mbichi, au sijui alidhani nini. Akasema, "Asante sana mama, mimi situmii kahawa. Halafu leo nina nyumba nyingi." Akabaki amesimama. Kiti kilikuwa kimeshafutwa vumbi.

Bibi yako alirudi ndani na kikapu chake, na nyumba nzima ikajua huyu ni mtu wa namna gani. Wewe umezaliwa humu, unajua. Mtu aliyetafuna kahawa nyumbani kwako ni mgeni wako, huwezi kumtazama usoni ukamdanganya. Asiyetafuna ni mpita njia. Na mpita njia anayeandika tunamjua ni nani.

"Mzee, mna vifaa gani vya kutumia umeme, au mnatarajia kuwa navyo?"

"Taa mbili na redio."

"Mashine yoyote hamna?"

"Mashine ya nini tena, waitu, ndugu yetu?"

Kemi, nilikuwa na unga kwenye nyusi. Nilikuwa nimesaga ulezi wa watu tangu alfajiri, nikajifuta mikono nikasahau uso. Kijana alinitazama usoni, macho yake yakatua kwenye nyusi zangu, nikayaona yanatua. Kisha akaandika. Taa mbili na redio. Sijawahi kumlaumu kwa hilo. Alikuwa na nyumba nyingi, mvua inamnyeshea, na nadhani pale ofisini kwake kulikuwa na mtu anayesubiri kazi iishe, si mtu anayesubiri kazi iwe ya kweli.

Akashuka kwa Ta Kaijage, fundi wa kuchomelea milango, ambaye jenereta yake tulikuwa tunaisikia mpaka kanisani. Taa mbili na redio. Kilima kizima siku ile kilikuwa na taa mbili na redio. Hata mwenye duka, ambaye redio hakuwa nayo, alisema anayo. Jioni tulicheka mpaka tukatokwa machozi, na mimi ndiye niliyekuwa naigiza namna nilivyosema "mashine ya nini tena". Watu walisema Tata Kemi anafaa kugombea udiwani.

Umeme ulipokuja hukulala, unakumbuka? Ulikuwa unawasha na kuzima mpaka bibi yako akasema utaichosha. Na kilima chote kikafunua majani. Mimi nikatoa injini ya dizeli nikafunga mota. Kaijage akaacha jenereta. Dukani likaja friza, zahanati ikapata jokofu la chanjo, kijana wa chini akafungua saluni. Sote tukaning'inia kwenye transfoma moja ndogo iliyopangiwa taa mbili mbili na redio. Ikifika saa moja jioni taa zinakuwa nyekundu kama makaa, mota yangu inanguruma bila kusaga. Na sisi tukawa wa kwanza kulalamika. Tulisema serikali imetuletea transfoma ya mtumba. Mimi mwenyewe nilisimama mkutanoni nikasema, tena kwa sauti.

Ilipolipuka ulikuwa kidato cha pili, na mitihani ilikuwa karibu. Tukakaa gizani majuma mengi. Chanjo zikaharibika, akina mama wakawa wanapanda vilima na watoto mgongoni kutafuta zahanati nyingine. Na wewe ukarudia koroboi. Mimi ndiye niliyeijaza mafuta usiku ule, nikaijaza kupita kiasi kwa sababu nilitaka usome sana. Shuka likashika moto. Bibi yako alikupaka asali mkono mzima, na wewe ukawa unanituliza mimi, mtoto wa kidato cha pili. Watu wakikuuliza kovu la mkono wa kushoto unasema ni uji wa moto. Nimekusikia mara nyingi, na kila ukinipa kikombe cha chai nakipokea nikitazama pembeni.

Haya yote unayajua, isipokuwa nyusi. Ulishanikamata siku nyingi. Ile likizo yako ya mwaka wa pili chuoni ulikaa kwenye kizingiti cha banda, ukahesabu kwa simu yako mashine yangu, ya Kaijage, friza, saluni, zahanati. Halafu ukasema, "Tata, hii transfoma hata ingekuwa mpya kabisa ingekufa tu. Kwani wakati ule mliwaambia nini?"

Nikakujibu, "Chai yako inapoa."

Hukuuliza tena. Una adabu, na wakati mwingine adabu yako inanitia uchungu.

Sasa hofu yangu ni hii. Utasimama mlangoni kwa mtu kama mimi, au utaletewa majibu ya mtu kama mimi, na utayajengea hesabu kwa akili zako zote. Hesabu zitakuwa safi. Siku hesabu hizo zikianguka, hakuna atakayekuja kumtafuta mzee mwenye unga kwenye nyusi. Watasema binti wa Kagera ndiye aliyekadiria. Nikilala naliona hilo, naamka, nasikiliza mvua. Mama yako ananiambia nimeanza kuzeeka vibaya. Labda.

Na wala si kudanganywa tu ninakokuogopea. Kuna mambo ambayo watu watakuambia kweli tupu na bado yatakupoteza. Mota yangu ilipoungua nilikwenda kutafuta maisha kwenye kisiwa kimoja huku huku Muleba, hilo unalijua, ila sijawahi kukuambia nilivyorudi mikono mitupu. Kulikuwa na mtu ameweka mitambo yake ya jua, anauza umeme kwenye kambi ya wavuvi. Nilifika wakati wa giza la mwezi. Wavuvi wa dagaa walikuwa wamejaa kama siafu, nikawahesabu kwa macho, nikanunua friza la soda na maji baridi. Mwezi ulipokomaa wakaondoka, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Kambi ikabaki na mbwa, na mimi, na soda. Giza liliporudi wakarudi, lakini wote wakataka umeme pamoja, betri zikaisha kabla ya saa tatu. Mwaka uliofuata samaki walihama, na kambi ikahama nao. Friza nililiuza kwa bei ya kutupa. Sasa ukipelekwa kule, mwanangu, usiende mara moja. Nenda mwezi ukiwa umejificha, urudi ukiwa umetoka, na uwaulize mwaka jana walikuwa wapi. Hawatakudanganya. Watasema "sisi ni wa hapa", na siku hiyo ni kweli.

Na jua la Dodoma lisikudanganye. Mjomba wako aliyekuwa askari huko anasema kule unaanika shati unalivaa kabla hujamaliza kuoga. Huku tunaanika kahawa tukiwa tumeshika turubai mkononi. Paneli yangu ya juu ya bati unaijua, wakati wa masika inachaji simu moja na nusu. Siku wakubwa wako watakapokuwa wanapanga jua lifanye kazi gani Bukoba, nao wako kwenye lile jua, wakumbushe. Usiwakumbushe kwa ukali. Lakini usinyamaze kwa adabu, kama ulivyoninyamazia mimi.

Nilitaka niishie hapo. Lakini jana yametokea mengine, na ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Mtendaji wa kijiji alitangaza baada ya misa kwamba Jumatatu ya juma lijalo wanakuja tena, nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya mpango mpya. Ulikuwepo, ulitabasamu, nikaona. Jioni Ta Kaijage akaja. Ulikuwa jikoni na mama yako, ukadhani amekuja kukuaga. Alikaa, akatafuna kahawa yangu, akasogeza kiti.

"Waitu, Jumatatu tunasemaje?"

"Tunasemaje nini?"

"Usinizungushe. Wakisikia mashine wataandika biashara, bei itapanda. Tuseme kama zamani. Tumeshazoea."

"Zamani transfoma ililipuka, Kaijage."

"Ililipuka, wakaleta nyingine." Akacheka. "Halafu safari hii tuna mtu wetu. Kemi atakuwa huko huko. Wewe mnong'oneze tu atuandikie kubwa. Huku tunasema kidogo, huko yeye anaongeza."

"Mtoto hajapanda hata basi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuambia leo." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikia. Wewe ukisema una mashine, na mimi umeshanisema. Na wa dukani umemsema, na kijana wa saluni. Hapo usije ukashangaa watu wakisaga ulezi wao kwingine. Usije ukashangaa ukifika kwa mtu na kikapu kisitoke."

Alisema hivyo akiwa na kahawa yangu mdomoni, na si mtu mbaya. Ndiye aliyembeba bibi yako kwenye machela. Anaogopa kama mimi. Tumeishi tukiogopa kila mwenye kalamu tangu enzi za baba zetu, na mara nyingine tulikuwa na sababu. Ukikutana na watu wa namna hiyo usiwaone wajinga. Wanalinda kilicho chao wakidhani wewe ndiwe mwizi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo nimewafundisha ninyi watoto, nimeisema harusini, nimeisema hata kwa mganga wa zahanati. Na jana nilipoambiwa kikapu hakitatoka, sikumwambia ndiyo, sikumwambia hapana. Nilimsindikiza mpaka njiani kama kawaida, na kurudi nikalala macho wazi.

Kwa hiyo sina ushauri wa mtu aliyeshinda, Kemi. Nina huu tu wa kahawa. Popote watakapokutuma, ukikaribishwa kaa. Ukipewa kitu pokea, hata kama ni kichungu, tafuna mbele yao. Kama hukupewa, fungua kifurushi hiki uwape wewe, uwaambie ndivyo tunavyofanya kwetu. Utachelewa. Utaambiwa na wakubwa kwamba nyumba zako ni chache kuliko za wenzako. Kubali ziwe chache. Usiulize wana nini mpaka umekaa muda wa kuangalia nyusi zao. Na ukiona unga, useme umeona unga. Yule kijana angeniambia tu, "Mzee, mbona una unga?" ningecheka, na ningeondoa majani mwenyewe. Nina hakika. Karibu nina hakika.

Na ukipigiwa simu na mtu wa kilima hiki akakuomba uongeze namba, mkatalie. Hata akiwa baba mdogo. Hata akiwa mimi.

Asubuhi hii, kabla hujaamka, nimekwenda bandani. Mlango wa mbele, ule unaoelekea kiti cha wageni, tuliupigia misumari siku ya yule kijana na hatukuufungua tena, tumekuwa tukipitia nyuma miaka yote. Nimeing'oa misumari. Ulisikia kelele ukauliza, nikasema natengeneza kitasa. Sasa mgeni akikaa anaiona mashine yote, na mkanda wake, na ukuta mweupe wa unga. Nimejifungia njia ya kurudi, maana najijua. Mdomo wangu hauna nguvu ukiwa peke yake. Kaijage amepita saa nne akauona mlango. Hakusalimu.

Kesho basi lenu likishatoka Bukoba litapita hapa chini Muleba. Nitakuwa barabarani, upande wa dirisha lako, nimemuuliza kondakta kiti chako. Nipungie mkono wa kushoto, na sitatazama pembeni.

Jumatatu wakija nitawapa kahawa. Wasipoitafuna nitawaambia kweli hivyo hivyo. Ulisema majibu ya kila kilima yatakufikia mezani. Basi ukifika kwenye nyumba ya baba yako ukikuta mashine ya kusaga moja, friza la mama yako, pasi moja na taa sita, ujue nimelijibu lile swali lako. Na ukikuta taa mbili na redio, usiandike. Nipigie simu uniulize tena, na nikikuambia chai yako inapoa, iache ipoe.

Ni mimi,
Tata